Kusafisha Mazulia kwa Bidhaa Rafiki kwa Mazingira: Mwongozo kwa Mafundi

Fundi anayenunua dawa mpya ya kusafishia mazulia kwa sababu kopo lake lina picha ya jani, kisha akaitumia vilevile alivyokuwa akitumia dawa kali ya zamani, mara nyingi huirudia ile ya zamani baada ya muda mfupi akiamini kwamba bidhaa rafiki kwa mazingira hazina nguvu. Dawa kali huficha haraka ya mtumiaji, kwa kuwa huung'oa uchafu hata pale ambapo zulia halikufyonzwa vumbi vizuri wala dawa haikupewa muda wa kukaa. Dawa laini haifichi chochote. Mwaka 1959 Herbert Sinner, mtaalamu wa sabuni katika kampuni ya Henkel ya Ujerumani, alieleza kwamba usafi wowote hutokana na mambo manne, yaani kemikali, nguvu ya kusugua, joto na muda, na kwamba ukipunguza moja sharti uongeze mengine. Kwa hiyo fundi anayetaka kupunguza ukali wa kemikali lazima kwanza akubali kubadili namna yake ya kufanya kazi, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mabadiliko hayo.

Kabla ya kuchagua bidhaa ni vyema kujua inakokwenda baada ya kutoka kwenye pampu. Sehemu yake huruka hewani ikavutwa na fundi pamoja na wakazi wa nyumba. Sehemu hubaki kwenye nyuzi, ambako watoto hutambaa na wanyama wa nyumbani hulala. Na sehemu iliyobaki huondoka na maji machafu. Bidhaa inayostahili kuitwa rafiki kwa mazingira ni ile inayoweza kutetewa katika njia zote tatu. Ile inayooza haraka majini lakini inajaza chumba mvuke wa kuwasha macho haijafuzu, na ile isiyo na harufu lakini ikaacha utando wa kunata juu ya zulia haijafuzu pia, kwa sababu utando huo hunasa uchafu upya na kulazimisha zulia lioshwe tena kabla ya wakati wake.

Kuchagua bidhaa

Maneno kama "asilia", "ya kijani" na "salama" yaliyochapishwa kwenye kopo hayathibitishi chochote. Kinachosaidia ni alama inayotolewa na taasisi isiyo ya mtengenezaji, ambayo imepima viungo vyote kwa vigezo vilivyo wazi. Miongoni mwa alama zinazojulikana ni Blue Angel ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1978, Green Seal ya Marekani na Nordic Swan ya nchi za Skandinavia, zote mbili za mwaka 1989, EU Ecolabel ya Umoja wa Ulaya, iliyoanzishwa mwaka 1992, na Safer Choice ya shirika la mazingira la serikali ya Marekani, inayotumia jina hilo tangu mwaka 2015. Alama hizi hazilingani kwa vigezo, na bidhaa isiyo nayo si lazima iwe mbaya, kwani watengenezaji wadogo wakati mwingine hawamudu gharama za upimaji. Hata hivyo, pale zinapopatikana humpunguzia fundi kazi kubwa ya kuchunguza.

Pale zisipopatikana, omba hati ya usalama ya bidhaa. Muuzaji makini wa bidhaa za kitaalamu huitoa bila kusita, na mimi nisingenunua kwa yule anayesitasita. Chini ya GHS, mfumo wa kimataifa wa kuainisha kemikali na hatari zake, hati hiyo ina sehemu 16, na kwa kazi yetu nne kati yake ndizo za kusoma kwa makini: sehemu ya 2 inayotaja hatari, ya 3 inayotaja viungo, ya 9 ambamo kwa kawaida huandikwa kiwango cha pH, yaani kipimo kinachoonyesha kama dawa ni asidi (chini ya 7) au alkali (juu ya 7), na ya 12 inayoeleza athari kwa viumbe wa majini na jinsi bidhaa inavyooza. Katika sehemu hii ya mwisho tafuta maneno yanayosema kwamba bidhaa huoza kwa urahisi. Kwa vipimo vya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea, maana yake ni kwamba bakteria wameweza kuvunja walau asilimia 60 au 70 ya kiungo, kutegemea kipimo kilichotumika, ndani ya siku 28.

Vipo viungo ambavyo ni bora kuvikataa moja kwa moja. Cha kwanza ni nonilifenoli ethoksileti, kiungo cha sabuni ambacho kikivunjika majini hutoa nonilifenoli, kemikali inayovuruga homoni za samaki. Umoja wa Ulaya ulikiwekea vikwazo katika bidhaa za usafi kwa agizo la mwaka 2003. Cha pili ni tetrakloroethilini, kiyeyushi cha grisi ambacho wakala wa Shirika la Afya Duniani wa utafiti wa saratani umekiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Fosfati nazo, ambazo huwekwa kwenye sabuni ili kulainisha maji magumu, hurutubisha mwani katika mito na maziwa hadi maji yakapungukiwa na oksijeni. Badala yake tafuta bidhaa inayotumia sitireti, yaani chumvi za asidi ya limau, kupambana na chumvichumvi za maji magumu. Kuhusu manukato, msimamo wangu ni kwamba zulia safi halina harufu, na mteja mwenye pumu hatashukuru kwa chumba kinachonukia maua. Nunua dawa isiyo na manukato hata kama wateja wengine watauliza mbona hawasikii harufu ya usafi.

Kwa upande wa viungo vinavyofaa, aina ya sabuni iitwayo alkili poliglukosidi, inayotengenezwa kwa sukari na mafuta ya mimea, huoza haraka na haina ukali mwingi kwa ngozi. Lakini asili ya mimea peke yake isikudanganye. Limonini, mafuta yanayokamuliwa kutoka maganda ya machungwa, huyeyusha grisi na gundi vizuri sana. Wakati huohuo hushika moto kwa urahisi, ni sumu kwa viumbe wa majini, na yakikaa wazi hewani huungana na oksijeni na kutoa vitu vinavyoamsha mzio wa ngozi. Yatumie kidogo, kwenye doa husika tu, na ufunge chupa mara moja.

Kulitambua zulia

Kosa la kutolijua zulia haliwezi kurekebishwa na dawa yoyote. Sufu na hariri ni nyuzi za protini ambazo huharibiwa na alkali. Dawa ya kuzisafishia iwe na pH kati ya 5 na 8 au karibu na hapo. Kumbuka kwamba kipimo cha pH hupanda kwa mara kumi katika kila hatua, kwa hiyo dawa yenye pH 10 ina alkali mara mia kuliko yenye pH 8, ingawa kwa macho tarakimu hizo zinaonekana kukaribiana. Nailoni, poliesta na polipropilini huvumilia alkali zaidi. Juti, ambayo mara nyingi hutumika kama kitambaa cha mgongoni mwa zulia, hutoa rangi ya kahawia inapolowa sana na kukauka polepole, na rangi hiyo hupanda hadi kwenye ncha za nyuzi. Viskosi, ambayo huuzwa kama hariri bandia, hudhoofika ikilowa, na kwa maoni yangu fundi asiyeizoea afadhali aiache kuliko kuijaribia kwa mali ya mtu.

Kama lebo haipo, chomoa uzi mmoja kwenye ukingo uliofichika, ushike kwa kibano juu ya kisahani na uuchome. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika kwa vidole. Pamba, juti na viskosi hunuka kama karatasi iliyoungua. Nyuzi za viwandani huyeyuka na kuacha punje ngumu. Ukitaka kuzitofautisha hizo za viwandani, tupia uzi mwingine ndani ya maji: polipropilini huelea, nailoni na poliesta huzama.

Baada ya hapo jaribu uthabiti wa rangi. Lowesha kitambaa cheupe kwa dawa uliyoichanganya kwa kipimo kilekile utakachotumia, kikandamize mahali pasipoonekana kwa dakika chache, kisha ukitazame. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, usiendelee na dawa hiyo. Rudia jaribio kwenye kila rangi ya zulia, hasa nyekundu na nyeusi.

Kufyonza vumbi kabla ya maji

Sehemu kubwa ya uchafu wa zulia ni mchanga, vumbi na nywele, yaani uchafu mkavu, ambao hauhitaji kemikali hata tone moja. Ukiumwagia maji kabla ya kuutoa, unageuka tope linaloshuka hadi mgongoni mwa zulia na kukulazimisha utumie dawa zaidi na maji zaidi. Hapa ndipo fundi anaweza kupunguza matumizi ya dawa kwa kiasi kikubwa kuliko mahali pengine popote, na ndipo mafundi wengi wanapokimbilia mbele. Tumia mashine ya kufyonza vumbi yenye brashi inayozunguka, isipokuwa kwenye mazulia ya nyuzi ndefu zisizosukwa imara, na yenye kichujio cha HEPA, ambacho kwa kiwango cha Marekani hunasa asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa maikromita 0.3. Pita taratibu, mbele na nyuma, kisha upite tena kwa kukata njia ya kwanza. Zulia linaloweza kugeuzwa ligeuzwe na kupigwapigwa mgongoni ili mchanga uliolala kwenye mashina ya nyuzi udondoke.

Kuchanganya kwa kipimo

Dawa nyingi za kitaalamu huuzwa zikiwa nzito ili zichanganywe na maji, jambo ambalo lenyewe hupunguza plastiki na gharama za usafirishaji. Faida hiyo hupotea fundi akimimina kwa kukadiria. Uwiano wa 1 kwa 20 maana yake ni mililita 50 za dawa kwa kila lita moja ya maji, kwa hiyo tangi la lita 10 linahitaji nusu lita. Anayemimina lita nzima hapati usafi maradufu. Anapata mabaki maradufu ndani ya zulia na kazi kubwa zaidi ya kuyasuuza. Weka kikombe chenye alama za mililita ndani ya gari la kazi, au fungia chupa kifaa cha kupimia. Tangulia kuweka maji kwenye tangi ndipo uongeze dawa, ili kuepuka povu na kurukiwa na dawa ambayo bado ni nzito. Glavu na miwani ya kukinga macho hubaki kuwa za lazima, kwa kuwa dawa rafiki kwa mazingira ikiwa bado haijachanganywa inaweza kuwasha jicho kama nyingine yoyote.

Kupulizia, kusubiri, kusugua na kufyonza maji

Anza na eneo unaloweza kulimaliza kabla dawa haijakauka. Pulizia dawa kwa usawa hadi ncha za nyuzi zilowe bila mgongo wa zulia kujaa maji, kisha subiri. Kwa dawa laini muda wa dakika 10 hadi 15 ni wa kawaida, ingawa maelekezo ya mtengenezaji ndiyo ya kufuatwa. Mteja anayekutazama umesimama anaweza kudhani umemaliza au umechoka, kwa hiyo mweleze mapema kwamba muda huo ni sehemu ya kazi. Zulia likianza kukauka kabla ya muda kwisha, lipulizie maji matupu kidogo, usiongeze dawa. Wakati wa kusubiri, sugua kwa brashi laini au mashine ya brashi za mviringo ili dawa ifike kwenye mashina ya nyuzi. Kwa sufu, sugua kwa wepesi na kuelekea upande mmoja, kwani msuguano pamoja na unyevu na joto huifanya igandamane.

Kisha suuza kwa mashine ya kupulizia na kufyonza maji. Maji ya moto hupunguza haja ya kemikali kwenye nailoni na poliesta. Kwa sufu tumia ya vuguvugu. Kwa kila mpito mmoja wa kupulizia maji, fanya walau mipito miwili mikavu ya kufyonza, na uendelee hadi bomba lenye kioo lisionyeshe maji yanayopita. Kwenye maji ya kusuuzia, asidi ya sitiriki kidogo husaidia kuondoa mabaki ya alkali na kurudisha zulia karibu na hali isiyo ya asidi wala ya alkali. Karatasi za kupimia pH ni za bei nafuu: bandika moja juu ya nyuzi zenye unyevu, na ikionyesha kati ya 6 na 8 unaweza kumalizia.

Kuna njia nyingine inayotumia maji kidogo sana, ambayo dawa yake ina polima zinazouzunguka uchafu na kukauka zikawa chembe ngumu zinazovunjika, kisha zikafyonzwa na mashine ya vumbi. Inafaa kwa maofisi na kumbi zinazosafishwa mara kwa mara, kwa sababu huokoa maji na zulia hukauka upesi. Haichukui nafasi ya kusuuza kwa maji pale ambapo uchafu umeingia hadi ndani.

Madoa

Fundi hujaribiwa zaidi kurudia dawa kali anapokutana na doa. Kwa madoa ya chakula, damu, jasho na mkojo, dawa zenye vimeng'enya hufanya kazi nzuri: protisi huvunja protini, lipesi mafuta, na amilesi wanga. Vimeng'enya vinahitaji unyevu, uvuguvugu na subira. Maji ya moto sana huviua, tena hugandisha damu na maziwa ndani ya nyuzi. Weka dawa, funika doa kwa kitambaa chenye unyevu na uiache kwa muda ulioandikwa. Sharti moja halina mjadala: dawa yenye protisi isiguse sufu wala hariri, kwa kuwa nyuzi zenyewe ni protini na kimeng'enya hakitofautishi zulia na doa. Chagua dawa ya maji badala ya unga, kwani vumbi la vimeng'enya likivutwa linaweza kuanzisha pumu kwa mfanyakazi.

Madoa ya chai, kahawa, divai na juisi hujibu vizuri kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ambayo mwishoni hubaki maji na oksijeni tu. Hata hivyo ni dawa inayofubaza rangi, hivyo ijaribiwe kwanza mahali pa siri na isiachwe kwenye zulia la rangi nzito bila kutazamwa. Sodiamu pakaboneti ni unga unaotoa peroksaidi hiyohiyo ukichanganywa na maji, lakini pia huacha magadi yenye alkali kali, hivyo hauwahusu wenye mazulia ya sufu.

Wateja wengi huuliza kuhusu siki na magadi ya kuokea. Siki peke yake, ikichanganywa na maji, ni asidi hafifu inayoweza kusaidia baada ya dawa ya alkali. Magadi hupunguza harufu. Vikichanganywa pamoja huchemka kwa povu la kuvutia macho, kisha kila kimoja kinakuwa kimebatilisha mwenzake na kinachobaki ni maji yenye chumvi isiyo na nguvu ya kusafisha. Jambo zito zaidi ni michanganyiko ya hatari: siki na peroksaidi ndani ya chupa moja hutoa asidi ya perasetiki inayounguza, jiki na amonia, au jiki na asidi yoyote, hutoa gesi zenye sumu. Muulize mwenye nyumba alichokwisha kumwagia doa kabla ya wewe kufika, na kama jibu ni jiki, suuza kwa maji mengi matupu kabla ya kuweka kitu kingine chochote.

Kukausha

Ukungu unaweza kuanza kuota kwenye zulia lililobaki na unyevu kwa saa 24 hadi 48, na zulia lenye ukungu huishia kutupwa, hasara ambayo hakuna dawa rafiki inayoweza kuifidia. Fungua madirisha hewa ya nje inapokuwa kavu, weka feni zikipuliza sambamba na sakafu, na uinue miguu ya samani kwa vipande vya plastiki ili mbao zisichuruzishe rangi. Zulia dogo liwekwe juu ya vichanja ili hewa ipite pande zote mbili.

Maji machafu

Maji yanayotoka kwenye tangi yana sabuni, mchanga, mafuta, mabaki ya dawa za wadudu zilizoingizwa na viatu, pamoja na vipande vidogo vya nyuzi, ambavyo kwa zulia la nailoni au poliesta ni plastiki. Hata sabuni inayooza kwa urahisi inahitaji muda na bakteria ili ioze, na ikimwagwa moja kwa moja mtoni huwafikia samaki ikiwa bado na nguvu zake. Kwa hiyo maji hayo yasimwagwe kwenye mtaro wa mvua, bustanini wala barabarani. Yapitishwe kwenye chujio lenye matundu madogo, nyuzi zilizonaswa zitupwe na takataka ngumu, kisha maji yamwagwe kwenye mfumo wa majitaka unaoelekea kwenye mitambo ya kusafishia, kwa kufuata kanuni za mamlaka ya eneo husika. Penye shimo la choo pekee, mwaga kidogo kidogo, kwani dawa za kuua vijidudu, kama zimo kwenye maji hayo, huwaangamiza bakteria wanaolifanya shimo lifanye kazi.

Dawa ya kukinga madoa

Mwishoni mwa kazi mteja anaweza kuomba zulia lipuliziwe kinga ya madoa. Kwa miaka mingi kinga hizo zilitengenezwa kwa misombo ya florini iitwayo PFAS, ambayo haiozi katika mazingira na hujikusanya katika maji na miili ya viumbe. Mkataba wa Stockholm uliwekea vikwazo misombo miwili ya jamii hiyo, PFOS mwaka 2009 na PFOA mwaka 2019, na watengenezaji kadhaa walihamia kwenye misombo mingine ya jamii hiyohiyo, ndiyo maana maandishi ya "haina PFOA" hayatoshi. Uliza kwa maandishi kama bidhaa haina PFAS ya aina yoyote. Usipopata jibu lililo wazi, mshauri mteja aache kinga hiyo. Mkeka wa kufutia miguu mlangoni, kuvua viatu na kufyonza vumbi kila wiki humsaidia zaidi. Mwachie pia karatasi inayotaja dawa zilizotumika, uwiano wake, aina ya nyuzi na madoa yaliyotibiwa, ili fundi atakayefuata asianze kubahatisha wala kuweka juu ya zulia hilo kitu kisichopatana na kilichotangulia.